Mnara Peke Yake Hautoshi: Ruzuku ya Umma, Ubora wa Mawasiliano na Haki za Mtumiaji wa Kijijini Tanzania

Ikisiri

Makala hii inachunguza huduma za simu katika vijiji vya Tanzania Bara na ulinzi anaoupata mtumiaji wake. Tangu Sheria ya Mawasiliano kwa Wote ilipopitishwa mwaka 2006, fedha na juhudi nyingi zimeelekezwa katika kuufikisha mtandao kule ambako biashara peke yake isingeufikisha. Ulinzi wa mtumiaji, kwa upande wake, umekua chini ya sheria nyingine na vyombo vingine, na umejengwa juu ya dhana ya mteja wa mjini ambaye akichoshwa na kampuni moja huhamia nyingine. Makala inaonesha jinsi kutengana huko kunavyomgharimu mwanakijiji katika ubora wa huduma, bei, usalama wa fedha zake na njia ya kupata haki anapoonewa. Inapendekeza kwamba mkataba wa ruzuku, ambao ndani yake Serikali hutoa fedha ili mnara ujengwe, uwe ndiyo nyenzo kuu ya kumlinda mtumiaji huyo.

1.0 Utangulizi

Mwezi Mei 1985 mji wa Arusha ulikuwa mwenyeji wa mkutano wa kwanza wa dunia kuhusu maendeleo ya mawasiliano, ulioitishwa na shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia sekta hiyo, ITU. Mezani mwa wajumbe kulikuwa na ripoti ya tume huru iliyoongozwa na Sir Donald Maitland wa Uingereza. Ripoti hiyo ilikuwa na mfano mmoja uliowashtua wengi: jiji la Tokyo pekee lilikuwa na simu nyingi kuliko bara zima la Afrika. Tume iliweka lengo kwamba kufikia miaka ya mwanzo ya karne ya 21, karibu kila binadamu awe na simu mahali anapoweza kuifikia bila taabu. Tamko lililotolewa mwishoni mwa mkutano lilibeba jina la Arusha.

Lengo hilo limekaribiwa kwa njia ambayo tume haikuitarajia. Nyaya za simu hazikufika vijijini. Kilichofika ni simu ya mkononi, tena ya kulipia kabla ya kutumia. Leo mtu wa Meatu au Kibondo anaweza kumiliki laini ya simu kabla hajawahi kuona simu ya mezani. Hayo ni mafanikio, na makala hii haikusudii kuyapuuza.

Hata hivyo, uzito wa simu yenyewe umebadilika. Mwaka 1985 simu ilikuwa chombo cha kupeleka salamu, habari za msiba na taarifa za kikazi. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, simu imekuwa pochi, benki, stakabadhi na kitambulisho. Mkulima hupokelea malipo ya mazao kwenye simu, mzazi hulipia ada, mgonjwa hutumiwa nauli ya kwenda hospitali ya wilaya. Usajili wa wakulima kwa ajili ya mbolea ya ruzuku ulioanza msimu wa 2022/23 nao umejengwa juu ya mfumo wa kidijitali. Simu inapobeba maisha kiasi hicho, mtandao ukikatika kinachopotea si mazungumzo tu. Dawa huchelewa, na msimu wa kilimo unaweza kupita.

Hoja ya makala hii ni kwamba sera ya mawasiliano vijijini imejibu kwa bidii swali la mnara utajengwa wapi, lakini haijajibu kwa bidii iyo hiyo swali la mwanakijiji anadai nini, na kwa nani, mnara huo ukishajengwa. Maswali haya mawili yametenganishwa kisheria na kitaasisi. Yanapaswa kuunganishwa, na pa kuyaunganishia ni kwenye mkataba wa ruzuku.

2.0 Jinsi mtandao ulivyofika kijijini

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, posta na simu nchini zilikuwa chini ya shirika moja la umma. Mageuzi ya 1993 na 1994 yalilivunja shirika hilo, yakaiacha Kampuni ya Simu Tanzania (TTCL) ikisimama peke yake, na kuunda tume ya kusimamia sekta. Kampuni ya kwanza ya simu za mkononi, Mobitel, ilianza mwaka 1994. Vodacom ilifuata mwaka 2000. Mwaka 2003 Bunge lilipitisha sheria iliyoanzisha Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Sheria hiyo hiyo iliunda Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, yaani TCRA-CCC. Kwa hiyo ulinzi wa mtumiaji umo katika sheria za nchi kwa zaidi ya miaka ishirini.

Kampuni zilikwenda palipo na fedha: mijini, kandokando ya barabara kuu, migodini na kwenye vivutio vya utalii. Huo ni mwenendo wa kawaida wa biashara, na hakuna sababu ya kuulaumu. Mnara hugharimu mamia ya mamilioni ya shilingi, na kijiji ambacho wakazi wake hununua vocha ya shilingi mia tano kwa wiki hakiwezi kuirudisha fedha hiyo upesi. Ndiyo maana Sheria ya Mawasiliano kwa Wote ya 2006 ilianzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF), unaochangiwa na kampuni zenye leseni kutokana na mapato yao, pamoja na fedha kutoka serikalini na kwa wafadhili. Mfuko hubainisha kata zisizo na huduma ya kutosha, hutangaza zabuni, na hutoa ruzuku kwa kampuni itakayokubali kujenga. Kampuni huongeza fedha zake, huumiliki mnara, na huuendesha kama sehemu ya biashara yake.

Hatua kubwa kuliko zote ilichukuliwa tarehe 13 Mei 2023, pale mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 iliposainiwa Dodoma mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan. Katika nchi ambayo Sensa ya 2022 iliikuta na watu 61,741,120, takriban theluthi mbili wakiishi vijijini, huo ulikuwa uamuzi mkubwa.

Takwimu hizo mbili zikiwekwa pamoja zinafunua jambo jingine. Minara 758 kwa kata 713 ni, kwa wastani, mnara mmoja kwa kata. Kata za Liwale au Kiteto huwa na vijiji vilivyoachana kwa makumi ya kilomita, vikitengwa na misitu, vilima au mbuga. Mnara ukiwekwa makao makuu ya kata, kata itahesabiwa kuwa imefikiwa, ilhali kitongoji cha mwisho bado kinapanda kichuguu kutafuta mawimbi. Kipimo tunachotumia kupanga ndicho pia tunachotumia kujipongeza, na kipimo hicho ni kikubwa mno kuweza kumwona mtu mmoja mmoja.

3.0 Tofauti kati ya mnara na huduma

Mnara wa kijijini hutegemea mambo matatu: umeme, njia ya kusafirishia mawasiliano, na fundi. Pasipo na umeme wa gridi, mnara huendeshwa kwa paneli za jua na betri, au kwa jenereta ya dizeli. Betri zikichoka mnara huzima usiku. Dizeli ikichelewa huzima mchana pia. Njia ya kusafirishia mawasiliano aghalabu ni mlolongo wa minara inayorushiana mawimbi hadi kufikia Mkongo wa Taifa. Mnara mmoja wa katikati ukianguka, yote iliyo mbele yake hunyamaza. Kijiji kilicho mwisho wa mlolongo hubeba hitilafu za mnara wake na za yote iliyotangulia. Fundi naye hutoka makao makuu ya mkoa, na masika barabara hukatika. Hitilafu ambayo mjini ingetengenezwa kwa saa chache huweza kuchukua siku kadhaa.

Kuna pia suala la kizazi cha teknolojia. Minara mingi ya mwanzo ya ruzuku ilijengwa kwa 2G, inayotosha kupiga simu na kutuma ujumbe mfupi. Huduma nyingi za Serikali, kuanzia maombi ya mikopo ya elimu ya juu hadi fomu za ajira, zimehamia kwenye tovuti ambazo 2G haiwezi kuzifungua kwa utulivu. Mfuko umelazimika kutoa ruzuku nyingine ili kuiongezea nguvu minara hiyo. Ingekuwa nafuu kama mikataba ya awali ingeweka wajibu wa kupandisha kiwango cha huduma kadiri mahitaji yanavyokua.

Mjini, mteja ana silaha ya kuhama. Tangu Machi 2017 Mtanzania anaweza kuhamia kampuni nyingine bila kubadilisha namba yake. Haki hiyo ni nzuri, lakini ina sharti lisiloandikwa: pawe na kampuni ya kuhamia. Katika kata yenye mnara mmoja wa kampuni moja, haki ya kuhama haina pa kutumika. Vivyo hivyo kwa ushindani wa bei, ubora na adabu kwa mteja. Kila kinga ambayo soko humpa mtu wa Kariakoo bila yeye kuiomba, mtu wa kijijini hana budi kupewa na sheria. Kwa hiyo mahali ambapo Serikali yenyewe, kwa fedha ya umma, imeisaidia kampuni moja kuwa mtoa huduma pekee, wajibu wa kuilinda jamii hiyo huongezeka.

Kanuni za ubora wa huduma zipo, na TCRA hupima na kutoa taarifa za robo mwaka kwa mikoa inayoichagua. Vipimo hivyo husaidia. Lakini wastani wa mkoa huvutwa na mji wake mkuu, na mwanakijiji hawezi kuusoma wastani huo akajua mnara wa kwao ulizima saa ngapi mwezi uliopita. Kampuni inajua, kwa kuwa mitambo yake huandika kila dakika ya kuzima. Taarifa ipo, kinachokosekana ni amri ya kuitoa hadharani.

Wakazi wa mipakani wana mzigo wa ziada. Katika sehemu za Ngara, Kyerwa au Longido, simu inaweza kushika mawimbi ya nchi jirani yenye nguvu kuliko ya nyumbani, na mtu akajikuta analipia gharama za ng'ambo akiwa sebuleni kwake. Mfuko umeyatambua maeneo ya mipakani kuwa na mahitaji ya pekee, na ipo haja ya kinga ya bei kwenda sambamba na utambuzi huo.

4.0 Bei na vifurushi

Mwanakijiji hununua mawasiliano kidogo kidogo, kwa sababu kipato chake huja kidogo kidogo. Namna hiyo ya kununua ina adhabu. Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini, katika uchunguzi wake wa soko la data uliokamilika Desemba 2019, ilibaini kwamba wanunuzi wa vifurushi vidogo walikuwa wakilipa bei kubwa zaidi kwa kila megabaiti kuliko wanunuzi wa vifurushi vikubwa. Tume iliueleza mpangilio huo wa bei kuwa unawaumiza maskini, na mwaka uliofuata kampuni kubwa zilishusha bei. Kabla ya hapo, mwaka 2019, msimamizi wa mawasiliano wa nchi hiyo, ICASA, alikuwa ameanza kutekeleza kanuni zinazompa mteja haki ya kuendeleza salio la data lililobaki na kumpa mwingine, na zinazozuia mteja kutozwa bei ya nje ya kifurushi bila ridhaa yake.

Tanzania ilipita njia inayofanana. Tarehe 2 Aprili 2021, siku ambayo utaratibu mpya wa vifurushi ulitakiwa kuanza, wananchi walipiga kelele kwa jinsi bei zilivyopanda, na Serikali ikasitisha bei hizo mpya. Kilichosahaulika katika kelele zile ni kwamba ndani ya utaratibu huo mlikuwa na mambo mema, yakiwemo kumjulisha mteja kifurushi chake kinapoelekea kwisha na kumruhusu kumhamishia mwingine. Somo ni kwamba kanuni ya kumlinda mtumiaji ikitangazwa pamoja na bei inayomwumiza, hata jema lake litakataliwa.

Muda wa kifurushi ndio unaomwumiza mwanakijiji kwa namna isiyoonekana. Kifurushi cha siku tatu kikinunuliwa Jumatatu, mnara ukazima Jumanne na kurudi Alhamisi, mnunuzi amelipia siku tatu akapata moja. Saa ya kifurushi huendelea kuhesabu hata mtandao ukiwa chini. Tarehe 12 Mei 2024, hitilafu katika nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipodhoofisha intaneti Afrika Mashariki nzima, watu wa mijini walionja kwa siku chache hali ambayo vijiji vingi huiishi mwaka mzima. Mkate uliolipiwa na usiopatikana hurudishiwa fedha yake dukani. Hakuna sababu ya kimaadili ya dakika na megabaiti kuwa na kanuni tofauti.

Kodi nayo haina budi kutajwa. Julai 2021 Serikali ilianzisha tozo ya miamala ya simu iliyokuwa kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kwa muamala kutegemea kiasi. Miezi michache baadaye ilipunguzwa kwa asilimia 30, na miaka iliyofuata ikapunguzwa tena. Nia ya kupata fedha za kujengea vituo vya afya na shule ilieleweka. Lakini tozo ya aina hiyo haimpi kila mtu mzigo sawa. Mtu wa mjini ana tawi la benki na mashine ya kutolea fedha jirani. Kijijini, simu ndiyo njia pekee ya kupokea fedha kutoka kwa mtoto aliye Dar es Salaam, na chini ya tozo hiyo hela iliyotumwa kisha ikatolewa kwa wakala ilikatwa mara mbili.

5.0 Usalama wa fedha na utambulisho

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na baada ya Rais John Magufuli kuongeza muda, ukomo wake ukawa tarehe 20 Januari 2020. Mtu alihitaji namba ya kitambulisho cha Taifa kutoka NIDA. Kwa wakazi wa mbali, ambao ofisi ya NIDA ilikuwa wilayani, miezi ile ilikuwa ya mahangaiko. Wapo waliokuwa na laini zilizosajiliwa kwa alama za ndugu, mume au jirani. Usajili wa namna hiyo una madhara hadi leo: fedha iliyo ndani ya laini, kwa mujibu wa kumbukumbu, ni ya mtu mwingine. Mwanamke ambaye laini yake iko kwa jina la mume hana sauti mbele ya kampuni siku ndoa itakapovunjika au mume atakapofariki.

Lengo mojawapo la usajili lilikuwa kukomesha utapeli. Utapeli haujakoma. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" umeenea kiasi kwamba karibu kila mwenye simu amewahi kuupokea, na taarifa za robo mwaka za TCRA zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro miongoni mwa inayoongoza kwa majaribio ya ulaghai. Laini zinazotumika zina alama za vidole vya watu halisi, ambao wengi wao hawajui. Wakala wa mtaani anayesajili laini chini ya mwavuli humwambia mteja arudie kuweka kidole kwa kuwa "haijasoma", na kidole cha pili husajili laini ya tapeli. Polisi wakija, humkuta mwenye kidole.

Njia za kujikinga zipo. Kwa kupiga *106# mtu anaweza kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na namba 15040 hupokea taarifa za jumbe za kitapeli. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inampa mwananchi haki juu ya taarifa zake, alama za vidole zikiwemo. Lakini kinga zote hizi zinamtaka mwathirika awe wa kwanza kujua, kusoma, kukumbuka namba na kupata mtandao. Aliyesajili, aliyeuza laini na aliyeendesha muamala, ambao wana uwezo mkubwa wa kuzuia, wanaachiwa mzigo mdogo. Haki inataka mzigo uhamie kwa mwenye uwezo wa kuubeba. Kampuni iwajibike kwa kila wakala anayesajili kwa jina lake, na laini iliyosajiliwa kinyume cha taratibu ihesabiwe kuwa kosa la kampuni, isiwe la mwenye kidole.

6.0 Safari ya malalamiko

Utaratibu wa malalamiko ni mzuri ukisomwa kwenye karatasi. Mtumiaji huanza kwa mtoa huduma. Asiporidhika huenda TCRA. Asiporidhika tena anaweza kukata rufaa Baraza la Ushindani. Baraza la Watumiaji lipo kumshauri na kumsemea.

Ukiutazama ukiwa kijijini, kila ngazi ina umbali wake. Kuipigia kampuni kunahitaji mtandao ule ule unaolalamikiwa. Ofisi za kanda za TCRA ziko katika miji kama Arusha, Mwanza, Mbeya na Dodoma. Aliyeibiwa hutakiwa kuwa na taarifa ya polisi, na kituo chenye uwezo wa kushughulikia kosa la mtandao kiko wilayani. Fedha iliyopotea ni, tuseme, shilingi elfu tatu. Nauli ya kwenda na kurudi wilayani inaizidi mara kadhaa. Mtu mwenye akili timamu ataacha. Maelfu wakiacha, kumbukumbu za kampuni na za Mamlaka zitaonesha kwamba vijijini hakuna malalamiko, na mtu wa mezani ataamini kwamba hakuna tatizo.

Huu ndio udhaifu mkuu wa mfumo uliopo. Umejengwa kwa kumtegemea mlalamikaji mmoja mmoja, wakati madhara ya kijijini ni madogo kwa kila mtu na makubwa kwa jamii nzima. Madhara ya aina hiyo yanahitaji tiba za aina mbili: fidia inayolipwa yenyewe bila kuombwa, na malalamiko yanayowasilishwa kwa niaba ya kijiji kizima. Sheria ya 2003 ililipa Baraza la Watumiaji jukumu la kuanzisha kamati za watumiaji za mikoa. Mkoa bado ni mbali. Kijiji kina mtendaji, kina mkutano mkuu, kina daftari. Hakuna kinachozuia agenda ya mtandao kuingia katika mkutano huo kama zinavyoingia agenda za maji na barabara.

7.0 Hoja za upande wa pili

Kampuni zina hoja nzito zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni gharama. Mnara wa kijijini huingiza kidogo na hula dizeli nyingi. Masharti yakiongezwa, kampuni zitadai ruzuku kubwa zaidi au zitaacha kuomba zabuni. Ni kweli kwamba masharti yana bei. Lakini bei hiyo ipo hata sasa. Tofauti ni kwamba inalipwa na mwanakijiji kimyakimya, kwa vifurushi vilivyokwisha bila kutumika na miamala iliyokwama. Ni afadhali gharama hiyo iandikwe kwenye zabuni ili Taifa lijue kwa ukweli huduma inagharimu kiasi gani. Ruzuku ndogo inayonunua mnara usiofanya kazi ni hasara kuliko ruzuku kubwa inayonunua huduma.

Hoja ya pili husema kwamba kwanza watu wapate mtandao, ubora utafuata. Historia ya minara ya 2G inaonesha kwamba ubora haufuati wenyewe. Unafuata pale unapodaiwa.

Hoja ya tatu ni kuitumainia teknolojia mpya, hasa setilaiti. Setilaiti za obiti ya chini zina nafasi yake, na zitafika mahali ambapo minara haitafika. Lakini yaliyotokea Kenya yatufunze. Julai 2020 huduma ya intaneti kwa puto za angani za Loon ilizinduliwa huko kwa kushirikiana na Telkom Kenya, ikasifiwa kuwa ya kwanza duniani ya kibiashara kwa njia hiyo. Januari 2021, kampuni mama ya Marekani ilitangaza kuifunga, na waliokuwa wameanza kuitegemea hawakuwa na la kudai. Teknolojia yoyote isiyofungwa na wajibu kwa mtumiaji inaweza kuondoka siku hesabu za mwenye nayo zitakapobadilika.

8.0 Mapendekezo

Kwanza, mikataba ya UCSAF iweke kiwango cha chini cha huduma: saa ambazo mnara lazima uwe hewani kwa mwezi, muda wa juu wa kutengeneza hitilafu, na ratiba ya kupandisha teknolojia. Sehemu ya ruzuku izuiliwe na ilipwe kwa awamu kwa miaka kadhaa, kadiri viwango hivyo vinavyotimizwa. Hivi sasa nguvu ya Serikali huwa kubwa kabla ya mnara kujengwa na hupungua ukishasimama.

Pili, kipimo kishuke kutoka kata hadi kijiji na kitongoji, na takwimu za kila mnara wa ruzuku zitangazwe kila mwezi. Takwimu hizo zibandikwe pia kwenye ofisi ya mtendaji wa kijiji, kwa maana tovuti haisomeki mahali ambapo intaneti haipo.

Tatu, mnara ukizima kupita muda uliokubaliwa, vifurushi vya waliokuwa chini yake virefushwe kwa muda ule ule bila mteja kuomba. Mitambo ya kampuni inajua laini zipi zilikuwa kwenye mnara upi. Kazi hiyo inawezekana.

Nne, mnara uliojengwa kwa fedha ya umma uwe wazi kwa kampuni zote, ama kwa kufunga mitambo juu yake ama kwa kuwahudumia wateja wa kampuni nyingine kwa bei iliyodhibitiwa. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 tayari inatambua matumizi ya pamoja ya miundombinu. Yakitekelezwa kwa dhati, haki ya kuhama kampuni itapata maana hata kijijini.

Tano, Baraza la Watumiaji liwezeshwe kuwa na mwakilishi kila wilaya, na mkutano wa kijiji upewe hadhi ya mlalamikaji. Mtendaji aandike, Baraza lipokee, kampuni ijibu kwa maandishi ndani ya muda uliowekwa.

Sita, pafanyike tathmini huru ya mawasiliano vijijini kila baada ya miaka mitatu. Australia, nchi nyingine yenye eneo kubwa na watu waliotawanyika, imeweka wajibu huo kisheria: kamati huru huteuliwa, huzisikiliza jamii za mbali, hutoa ripoti, na Serikali hulazimika kuijibu. Kwetu kamati ya namna hiyo ingekaa Uvinza na Simanjiro, ingezungumza na wakulima, wafugaji, wavuvi, mawakala na watu wenye ulemavu, na ripoti yake ingewasilishwa bungeni kwa Kiswahili ambacho waliohojiwa wataweza kukisoma.

9.0 Hitimisho

Tanzania imeshakubali kwamba mawasiliano ya mtu wa mbali hayawezi kuachiwa soko peke yake. Kukubali huko ndiko kulikozaa Sheria ya 2006 na mikataba ya 2023. Hatua inayobaki ni kukubali kwamba na haki zake haziwezi kuachiwa soko. Ruzuku huipa Serikali nguvu ambayo msimamizi wa kawaida hana: nguvu ya mnunuzi. Mnunuzi makini hasaini kabla ya kujua atapata nini, kwa kiwango gani, na atarudishiwa nini asipopata.

Kwa hiyo wito wa makala hii unawahusu Wizara yenye dhamana ya mawasiliano, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, TCRA na wabunge wa majimbo ya vijijini. Mkataba wowote wa ruzuku utakaosainiwa kuanzia sasa uwe na sura nzima inayomhusu mtumiaji, yenye viwango, fidia na njia ya malalamiko inayoanzia kijijini. Mkataba usio na sura hiyo urudishwe mezani kabla shilingi ya umma haijatoka.